Mrejesho: Chakula na gharama ndani ya meli ya kitalii

Ndugu zangu, kabla sijaondoka hapa Mtwara niliuliza iwapo nauli ya meli ya kitalii inayotoka Durban inatosha kwa chakula, au mimi na mke wangu tujiandae kutoa fedha nyingine tukiwa baharini. Tumerudi salama, nanyi mlionijibu nawashukuru.

Chakula cha ukumbi mkuu na kile cha kujipakulia kimo ndani ya nauli. Kilichotugharimu ni vinywaji. Soda na maji ya chupa hulipiwa kwa kadi ile ile inayofungua mlango wa chumba, na kwa kuwa hutoi noti mkononi, unajikuta umetumia bila kuhisi, huku kila bei ikiongezewa asilimia ya huduma. Mke wangu, ambaye huwezi kumpunja hata shilingi moja sokoni, alikwenda mapokezi kila jioni kuomba orodha ya matumizi, na siku ya tatu akakuta vinywaji viwili ambavyo hatukuviagiza. Vilifutwa bila ubishi.

Bahashishi ya wahudumu ilikatwa kwa kila mtu kwa kila siku, hivyo ihesabuni mapema. Mgahawa wa malipo ya ziada tuliingia mara moja tu. Nyama ilikuwa nzuri, lakini pweza wao, mniwie radhi, hamfikii wa Msimbati, pwani ya kwetu hapa Mtwara. Aliyenishauri kifurushi cha vinywaji, yaani kulipia vinywaji vya safari kwa mkupuo mmoja, alikuwa na nia njema, ila kwetu tusiokunywa pombe kisingerudisha fedha zake.