Nimealikwa Dongzhi kwa msimamizi wangu, kitimoto nitaikwepaje?

Binti Pangani:
Wakuu, niko Harbin, kaskazini mwa China, mwaka wa kwanza wa uzamili. Msimamizi wangu wa utafiti, mama mpole ila hapendi visingizio, amenialika kwao tarehe 21 hii kula Dongzhi, siku yenye usiku mrefu kuliko zote. (Huku jua linazama saa kumi kasoro. Nikitoka maabara ni giza tupu.)

Wenzangu wanasema chakula cha siku hiyo ni jiaozi, vile kama visambusa vya kuchemsha, na ndani huwa ni kitimoto na kabichi. Mimi Mwislamu. Nikikataa, nina dharau. Nikienda nikabaki naitazama sahani, nimemwaibisha mbele ya wakwe zake. Na kuna kaka kaniambia ile ni ibada ya mizimu, nisikanyage. Nishaurini.

Mtu Kwao:
Sema unaumwa. Kwisha.

Mama Lushoto:
Aumwe halafu kesho yake aonekane maabara? Acheni hizo.

Mdogo wangu, nenda, ila mwandikie leo, si siku ya siku. Hao wanaanza kusukuma unga mapema. Mwambie huli nguruwe na hunywi pombe, hata ile ya kupikia. Halafu mwulize kuhusu Zhang Zhongjing. Huyo ni tabibu wa enzi za Han, miaka kama 1,800 iliyopita. Hadithi yao inasema alirudi kwao Nanyang wakati wa baridi, akakuta maskini masikio yameharibika kwa barafu. Akachemsha nyama ya KONDOO na dawa za kupasha mwili, akaikatakata, akaifunga kwenye unga kwa umbo la sikio, akawagawia na mchuzi. Mpaka leo watoto wanatishwa kwamba asiyekula jiaozi Dongzhi masikio yatamdondoka. Kwa hiyo ukiomba za kondoo hujaharibu mila, umeirudisha ilikotoka. Nyama nunua mwenyewe bucha la Wahui, Waislamu wa huko, lenye kibao cha qingzhen, yaani halali, umpelekee jana yake. Na omba zichemshwe sufuria ya peke yake.

Mtu Kwao:
Na mizimu je?

Mama Lushoto:
Kusini, kama Fujian, wengi huwatengea wazee waliokufa chakula, na huko wanakula tangyuan, vidonge vya unga wa mchele. Dhabihu kubwa ya siku hiyo ilikuwa kazi ya wafalme wa Ming na Qing, pale Hekalu la Mbinguni, Beijing. Nyumba nyingi za kaskazini nilizoingia mimi ni kula na kupiga soga. Ukiona udi unawashwa, kaa pembeni kwa adabu, hakuna atakayekulazimisha.

Fundi Saa:
Zawadi peleka matunda au majani ya chai, mpe kwa mikono miwili. Usipeleke saa ya ukutani! Kwa Kichina "kumpa saa" kunatamkwa sawa na kumuuguza mtu anayekata roho. Mimi nilipeleka. Jina langu humu limetokana na hilo.

Binti Pangani:
Fundi Saa umeniua 😂 Nimemwandikia. Kajibu kwamba kondoo sawa, ila nifike saa nane nikafunge za kwangu mwenyewe. Sasa naanza kujifunza kukunja, maana hata sambusa zangu hufumuka kwenye mafuta.

Mama Lushoto:
Lowesha kingo kwa maji, usijaze sana.