Jirani wa geti la bluu, leo umenidhalilisha mbele ya wakwe!

Wakuu, heshima kwenu, ila leo sina heshima.

Mbwa wangu jike, Malkia, yuko kwenye joto. Aliyewahi kufuga jike asiyetolewa kizazi ananielewa. Damu sebuleni, damu kwenye zulia, damu kwenye viatu vyangu vyeupe. Nikamvalisha pampasi ya mtoto, nikatoboa tundu la mkia. Kaila! Nje ya geti wamejaa koko wote wa Tabata, na nina hakika wengine wamepanda daladala kutoka Kibaha. Usiku kucha ni kubweka na kukojolea geti. Hayo nimevumilia.

Sasa leo wazee wamekuja kuleta posa ya mdogo wangu. Pilau jikoni, mshenga ndo anafungua kinywa. Lile dume la jirani (mnamjua, sitaji jina, hajafunga mbwa tangu enzi za Mkapa) likaruka ukuta. Ukuta una chupa juu! Kufumba na kufumbua, wamenasana katikati ya uwanja. Mmoja anatazama Kimara, mwingine Buguruni.

Mshenga kimya. Shangazi kajifunika khanga usoni. Na yule bwana, badala ya kuomba radhi, kachungulia juu ya ukuta, mswaki mdomoni: "Wazee, mnachelewa nini? Wenzenu wamemaliza bila mshenga."

BILA MSHENGA, wakuu!

Mzee mmoja kacheka mpaka pama likaanguka. Mimi mahari nitaitajaje sasa? Nimemwaga ndoo nzima ya maji, hawaachani. Na mswaki mdomoni! Povu linadondokea upande wangu! Bila mshenga, mtu mzima kabisa!

Ahame yeye au nihame mimi.

Mzee wa Kijiwe: Nimecheka mpaka muuza kahawa kaniuliza kulikoni. Jirani apewe soda.

dada_mkavu: Dume limefuata harufu, kosa lake nini? Ungemfungia wako ndani.

Mleta uzi: Nilimfungia stoo, katafuna mlango! Hivi mmesoma? Kasema BILA MSHENGA!

Daktari wa Ng'ombe: Mkuu, maji hayasaidii, na usiwavute, utawaumiza. Uume wa dume huvimba ukiwa ndani ndo maana wananasana, dakika tano hadi nusu saa, wataachana wenyewe. Ila mpeleke kwa daktari wa mifugo, koko wengine wana ile kansa ya sehemu za siri inayoambukizwa kwa kupandana. La sivyo hesabu siku 63 hivi, uandae maboksi. Na kama kuna wengine walishampanda juzi, mimba moja inaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

kaka_spana: Baba zaidi ya mmoja! Hapo mahari wachangishane.

Mleta uzi: Endeleeni tu kucheka.

Mama Sufuria: Pilau ililiwa?

Mleta uzi: Walikula, tena wakaongeza! Hiyo siyo hoja, mama!

Mama Sufuria: Basi posa imepita, mwanangu. Aliyekasirika haongezi.

mpangaji_sugu: Wewe una nafuu, mbwa wako wako chini. Kwangu paka wanafanyia mambo yao darini. Wanalia kama vichanga, jana mmoja kashuka na kipande cha jipsamu, kikatua kwenye ugali.

Mzee wa Kijiwe: Paka nini bwana. Jogoo wa mwenye nyumba wangu anawika saa nane usiku, nikilalamika anapandisha kodi.

Fundi Dari: Mpangaji, jipsamu napiga mimi, bei maelewano.

dada_mkavu: Huyo fundi msimpe hela mkononi! Alichukua advansi yangu ya vigae, mpaka leo choo kina udongo.

Fundi Dari: Dada, tulikubaliana mvua ikiisha.

dada_mkavu: Mvua gani? Ya mwaka gani?