Kwa nini rubani anarudia kila namba anayopewa?

Mawimbi:
Wakuu habari za humu. Siku hizi nasikiliza mazungumzo ya marubani na waongoza ndege kupitia intaneti. Mwongoza ndege akisema panda mpaka urefu fulani, rubani anarudia yote, namba kwa namba, halafu anataja jina la ndege yake. Masafa yenyewe yamejaa, wengine wanasubiri zamu. Si angejibu tu "sawa"? Na kama rada inawaona wote, maneno yote hayo ya nini?

Mnara Mstaafu:
Ndugu Mawimbi, kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu, na hakuna jibu lililonitia hofu kama hilo "sawa". Sawa nini? Amesikia namba ipi?

Angalia nafasi iliyopo. Kati ya futi 29,000 na 41,000, ndege zenye vifaa vinavyotakiwa hupishana kwa futi 1,000 tu, kama mita 300. Kwa umbali wa mlalo, zikiongozwa kwa rada, kwa kawaida ni maili 5 za baharini, na karibu na uwanja hushuka hadi 3. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda maili 8 kwa dakika, zinamaliza hizo 5 kwa sekunde zisizofika 20. Rada inakuonyesha ndege ilipo. Rubani alichoelewa hukijui mpaka akitamke. (Rada za kisasa, mahali kadhaa, huonyesha pia urefu aliouweka kwenye mitambo. Msaada mkubwa, lakini hapo ameshauweka.)

Tena kurudia ni nusu tu ya kazi. Nikisema 240, yaani futi 24,000, yeye akarudia 250 na mimi nikanyamaza, kimya changu kimeshakuwa ruhusa. Ndiyo maana mwongoza ndege akishasema hugeuka msikilizaji, hata kama wengine watatu wanamwita.

Kwenye ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, kurudia kulikuwepo. Uwanja umefunikwa na ukungu, rubani wa ndege ya shirika la KLM akapewa njia ya kufuata baada ya kuruka, hakupewa ruhusa ya kuruka. Msaidizi wake akairudia, akaongeza maneno yaliyoweza kueleweka kwamba wapo tayari au kwamba wanaanza. Mnara wa kuongozea ndege ukajibu "OK", kisha ukamwambia asubiri. Sekunde hizo hizo marubani wa ndege nyingine, ya Pan Am, nao wakasema bado wako kwenye barabara ya kurukia. Sauti mbili kwenye masafa mamoja huzaa mluzi, na mluzi ndio uliosikika ndani ya KLM. KLM ikaanza kuruka, ikaigonga Pan Am. Walikufa watu 583. Siku hizi neno "kuruka" hutajwa redioni ruhusa inapotolewa au inapofutwa, basi. Kwingine kote husemwa "kuondoka".

Bawa la Kushoto:
Naongezea kutoka chumba cha marubani. Mmoja anarusha, mwenzake anashika redio. Namba ikishawekwa, wote wawili tunaitazama na kuitaja. Mkisikia tofauti, hata kwa mbali, mnauliza tena, na hakuna wa kuwalaumu.

Mawimbi:
Shukrani mzee wangu, nawe Bawa. Sasa ule mtambo wa kuzuia kugongana, TCAS, ukisema panda na mwongoza ndege anasema shuka?

Bawa la Kushoto:
Unafuata mtambo, bila mjadala. Juu ya Überlingen, Ujerumani, 1 Julai 2002, ndege ya abiria aina ya Tupolev iliambiwa na mwongoza ndege ishuke, mtambo ukasema ipande, ikaendelea kushuka. Boeing ya mizigo nayo ilikuwa inashuka kwa agizo la mtambo wake. Zikagongana, wakafa watu 71. Leo rubani anatii mtambo, anamjulisha mwongoza ndege kwa maneno mafupi, "TCAS RA", yaani anafuata agizo la mtambo la kukwepa.

Mnara Mstaafu:
Na mwongoza ndege akiyasikia hayo anakiri amepokea, halafu haigusi tena njia ya ndege hiyo mpaka rubani mwenyewe aseme hatari imepita.