Naomba ushauri: tunahesabu vipi nani husimamishwa na trafiki?

Wadau, hamjambo. Sisi ni waendesha boda 14 wa steji moja Kawangware, Nairobi. Tangu Januari tuna daftari: ukisimamishwa unaandika saa, mahali, sababu uliyoambiwa na mlivyoachana, iwe ni onyo, kushtakiwa au "maelewano". Mstari wa juzi: "12:40 jioni, Naivasha Road, abiria hana kofia." Chini yake mwenzetu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Alikuwa nayo kichwani!"

Shida ni kwamba daftari lina waliosimamishwa tu. Magari ya kifahari yanayopita bila kuguswa hatuyaandiki, sasa tutathibitishaje tunaonewa? Nilifikiria tumkalishe mtu kwa mama chai ahesabu kila chombo kinachopita kwa saa moja, ila ataonekana jasusi. Kuna mbinu nyingine?

Kule California, sheria ya 2015 humtaka polisi mwenyewe arekodi kila anapomsimamisha mtu: sababu, matokeo, hata asili ya mtu kama yeye anavyoiona. Hapa tunajiandikia.

Halafu namba za askari. Tukiziandika, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haitatugeukia?

Na kuna aliyewahi kuomba rekodi za polisi kwa ile sheria ya kupata habari ya 2016? Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Barua uliipeleka kituoni au makao makuu? Ama twende IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi, na daftari letu lenye madoa ya mafuta?