Fundi ametuchomelea keji ya rali kwa bomba la maji, na pesa hataki kurudisha

Assalaam aleikum wadau. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Kuna gereji hapa mjini Unguja, jina silitaji, imechukua pesa zetu ili ichomelee keji, yaani fremu ya mabomba ya kuwakinga waliomo gari likipinduka, ndani ya Subaru Impreza tunayoiandaa kwa mashindano ya rali huko bara. Dereva ni rafiki yangu. Msoma ramani ni mdogo wangu, tumbo moja. Fundi alipewa karatasi yenye vipimo vyote kwa milimita, akaisoma mbele yetu, akasema naam, hii kazi ndogo.

Karatasi ilisema hivi: upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya siti, uwe bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi kiwandani, kipenyo 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine yasipungue 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Sivyo vipimo vyangu mie. Ni vya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, vipo mtandaoni na mwenye simu anavisoma bure.

Tulichopewa ni bomba la maji. Galvanaizi ya inchi moja na nusu, lile lile linalopandisha maji kwenye tangi. Keji ilikuwa imeshapakwa rangi nyeupe inang'aa, kila mtu anaisifu, mdogo wangu akaokota kipande kilichobaki chini ya meza ya fundi. Ukichungulia ndani unauona mshono umepita kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikalitia kalipa, kile chombo cha kupimia, kipenyo cha nje 48 na ushei. Hakuna 45 wala 50. Yale mabomba ya mshazari ndiyo aibu zaidi: unene haufiki hata milimita 2, ni bomba la kutengenezea viti.

Unajua alinijibu nini? "Kaka, hili la upinde nene kuliko ulilotaka, ungeshukuru."

Nishukuru nini? Bomba la maji limetengenezwa lizuie maji yasivuje. Hakuna aliyelipima kwa gari linalobingirika. Chuma cha keji kinatakiwa kistahimili kuvutwa kwa nguvu isiyopungua newtoni 350 kwa kila milimita ya mraba kabla hakijakatika, na kije na cheti cha kiwanda. La kwake lilitoka duka la vifaa vya ujenzi, cheti chake ni risiti, na risiti yenyewe hatukuonyeshwa. Halafu ile zinki: ukiichomelea bila kuikwangua inachemka, inatoa moshi wa kumtia fundi homa, na mshono wa welding unabaki na matundu ndani. Nje umesagwa kwa grainda, unapendeza. Ndani umeoza.

Kwenye kona ndiyo nilitaka kulia. Hana mashine ya kukunjia, kwa hiyo alijaza mchanga, akapasha moto kwa gesi, akakunja kwa nguvu za vijana wawili. Keji hukunjwa baridi, na mzunguko wa kona usipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kona zake zimebonyea upande wa ndani, unaziona kwa jicho. Bomba lililobonyea ndipo litakapojikunja gari likilala juu ya paa. Na upinde mkuu wenyewe, ambao lazima uwe bomba moja kutoka mguu hadi mguu, yeye kaunga vipande viwili katikati ya paa na kuficha kiungo kwa sponji. Tulitoa sponji, tukakikuta.

Kuhusu juu kabisa, karibu na paa, hapo welding imeshika nusu tu. Nusu ya pili haikuguswa kwa sababu mkono haukuingia. Sheria inataka mshono uzunguke bomba lote. Mafundi wanaoijua kazi hii hutoboa sakafu penye miguu, wanaishusha keji kupitia yale matundu, wanachomelea viungo vya juu pande zote kwa nafasi, kisha wanainyanyua na kuikalisha kwenye mabamba. Ni kazi ya subira, siyo uchawi. Ukimwambia fundi wetu hivyo anakwambia unamfundisha kazi.

Na hayo mabamba! Kila mguu wa upinde mkuu na wa mbele unatakiwa ukae juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120 angalau. Bati la sakafu ya gari halifiki milimita moja. Mguu ukikaa juu yake mtupu, gari likipinduka unaitoboa sakafu na keji yote inashuka vichwani. Sisi tumepewa vibamba vidogo kama sahani ya kahawa, na kimoja kimechomelewa juu ya kutu iliyozibwa kwa puti. Magari yetu ya kisiwani yanaliwa na chumvi kuanzia chini, hilo kila fundi wa Unguja analijua tangu angali mwanagenzi.

Watu wananiambia ningechukua keji ya bolti. Keji ya kuchomelea ina maana yake: inashikana na nguzo za gari sehemu nyingi, bodi inakuwa ngumu, na gari likigongwa nguvu inagawanyika. Ila haina kurudi nyuma. Ya bolti ukiikataa unafungua spana, unamrudishia mwenyewe. Hii ukiikata unaondoka na vipande vya bodi. Yaani ametuharibia keji na gari kwa pamoja, halafu anasema pesa imeshaingia kwenye vifaa.

Anatengeneza mageti na minara ya matangi, na anaitengeneza vizuri, sikatai. Geti likianguka halina mtu ndani. Mwaka 2005, kwenye rali ya Uingereza, msoma ramani Michael Park alifariki Peugeot yao ilipogonga mti upande wake, na lile lilikuwa gari la kiwanda lenye kila kitu. Mdogo wangu anakaa kiti hicho hicho cha msoma ramani. Mlangoni kwake fundi kaweka bomba moja la kiti limelala, wakati karatasi ilichora mabomba mawili ya kupishana.

Na nyie vijana mnaotia keji kwenye gari la kutembelea mjini ili lionekane la mashindano, huku hamvai helmeti: bomba lipo karibu na kichwa chako. Ajali ndogo ya Mwanakwerekwe inatosha kukupasua.

Tunataka pesa yetu yote na gharama ya kuliondoa bomba lake. Tukikosa, tunakwenda kwa sheha, na kwa sheha tukikosa tunakwenda mahakamani, na kile kipande tunacho.

Kama keji yako imechomelewa hapa mjini na hukuliona bomba kabla ya rangi, usiingie nayo mashindanoni. Toboa kitundu kidogo sehemu isiyobeba mzigo mkubwa, pima unene. Huna kalipa, niandikie, nitakuja.

Na mwenye kujua anayeuza bomba la 45 kwa 2.5 lisilo na mshono, lenye cheti, Dar au hata Mombasa ya Kenya, pamoja na mwenye mashine ya kulikunja baridi, atuambie hapa chini. Safari hii bomba tutalinunua wenyewe na litapimwa kabla cheche ya kwanza haijaruka.