Prado KZJ95: niweke tairi za tope 285/75R16, au fundi ananiuzia mbuzi kwenye gunia?

Kiazi_Uyole
Wakuu habari za majukumu. Naishi Uyole, Mbeya, natumia Prado ya zamani, KZJ95, injini 1KZ ya dizeli, gia za mkono. Kila baada ya wiki mbili napanda shambani upande wa Kitulo, nina viazi na pareto kidogo. Kwenye lami sina shida na mtu. Shida inaanza nikiacha barabara kuu, kama kilomita tisa hivi za udongo mweusi ule wa volkano, na mnajua mvua za huku zikianza Novemba ni mpaka Aprili.

Mwezi uliopita nilikwama hatua chache tu kabla ya geti. Tairi nilizonazo ni 265/70R16 za lami. Kashata zote, yale meno ya tairi, ziliziba tope, likabaki duara la udongo linazunguka palepale kama kinu cha alizeti. Vijana wanne, majembe mawili, muda wa saa tatu nzima. Nikiwa nimeinama nachimba, akapita mzee mmoja na Mkonga wake, ile Land Cruiser ya kazi, vitairi vyembamba, magunia ya viazi yamefika kwenye kioo cha nyuma. Akapiga honi ya salamu, akapanda kilima. Wakuu, ile honi iliniuma kuliko tope.

Fundi mmoja pale Mwanjelwa anasema dawa ni 285/75R16 za tope na kunyanyua gari inchi mbili, eti nitasahau jembe. Hela ya tairi nne ninayo. Je, zitaingia? Injini itabeba? Aliyefanya hivi atuambie ukweli. Natanguliza shukrani.

Kona_Hamsini_na_Saba
Weka mkuu, usiulize. Prado ikivaa 285 inakaa kibabe, hata trafiki anakupigia saluti kabla hajakuona vizuri.

Msukuma_Spana
Saluti ya trafiki haimtoi mtu kwenye tope.

Kiazi, hesabu kwanza. Namba ya kwanza ya tairi ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Tairi yako ya sasa ina kipenyo cha milimita 777. Hiyo 285/75R16 ni 834. Tofauti ni 57, lakini gari linanyanyuka nusu yake tu, maana nusu nyingine inakwenda juu kwenye madigadi. Kwa hiyo difu yako itapanda juu kwa milimita 28. Ni upana wa vidole viwili, hivyo ndivyo unavyonunua.

Sasa gharama yake. Kwanza rimu. Rimu ya Prado hiyo ina upana wa inchi 7, na 285/75 inataka kuanzia 7.5. Ukiilazimisha, tairi inabinuka, inalika katikati, na siku ukipunguza upepo kwenye tope inachomoka kwenye rimu. Kwa hiyo hujanunua tairi nne, umenunua na rimu. Pili, gia zako zinakuwa ndefu kwa asilimia 7. Maana yake mlima uliokuwa unapanda kwa gia ya tatu utaupanda kwa ya pili, tena huko juu hewa ni nyepesi na injini tayari inahema. 1KZ ikichemka haina msamaha, silinda hedi inapasuka. Mimi nimefungua hedi za 1KZ mpaka nazijua kwa harufu.

Tatu, spidi mita itakudanganya. Ikisoma 50 wewe uko 53 na ushee, ikisoma 80 uko karibu 86. Tochi haisomi dashibodi yako.

Mbao_Mafinga
Nyongeza ndogo hapo kwa Msukuma_Spana: hata kilomita zinasomeka pungufu. Watu wanaweka tairi kubwa halafu wanalia gari inabugia mafuta. Inabugia kweli, maana tairi za tope ni nzito, ila sehemu ya kilio ni hesabu mbovu. Dashibodi ikisema umetembea 100, umetembea 107.

Kijana_wa_Mbalizi
Kama hela inabana si aweke kubwa mbili za nyuma tu? Mbele abaki na za zamani. Gari linasukumwa na nyuma.

Msukuma_Spana
Mdogo wangu, futa hiyo kabla hajaisoma. Prado hiyo ni four-wheel muda wote, ina difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka tairi za vipenyo viwili tofauti, difu ya kati inafanya kazi kila sekunde hata kwenye lami iliyonyooka, na siku ukiifunga kwenye ardhi ngumu kitu kitakatika. Zote tano ziwe sawa. Nimesema tano, na spea imo.

Mama_Parachichi
Nisikilizeni mimi niliyelipia. Sisi tuko Rungwe, tulikuwa na Prado kama hiyo hiyo, baba watoto akaweka 285 za tope. Tope tulipita, sikatai. Lakini kuna mambo hakuna fundi aliyetuambia.

Spea inakaa kwenye mlango wa nyuma. Tairi ya tope na rimu yake ni mzigo. Miezi mitano bawaba zikalegea, mlango ukawa unafungwa kwa kuunyanyua kwa goti. Nina alama ya goti langu pale kwenye rangi. Kona kali za kushuka kwenda Tukuyu tairi ya mbele ilikuwa inakwangua plastiki ya ndani ya madigadi, krrr, kila kona. Breki nazo zikawa za kukanyaga mapema, na mvua ya Tukuyu mnaijua: kashata kubwa zina mpira mchache unaogusa lami, zinateleza kwenye lami iliyolowa kuliko unavyodhani. Na kelele! Mtoto alikuwa halali mpaka tufike.

Tuliziuza. Tukaweka 265/75R16, kashata za tope vilevile. Goti langu limepona.

Kamwene_Makete
Kamwene mkuu. Huyo mzee wa Mkonga simjui ila namfahamu, kama unanielewa. Ile tairi yake ni 7.50R16. Watu wanaona nyembamba wanacheka. Tope letu la huku mara nyingi chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi nyembamba inakata tope inafika chini inashika. Tairi pana inaogelea juu. Upana ni mzuri kwenye mchanga, huko Usangu kiangazi, siyo kwenye uji wa Kitulo.

Halafu nikuulize, siku ile ulikuwa na upepo kiasi gani? Nina hakika ulikuwa na upepo wa lami. Mimi nikiacha barabara kuu nashuka kutoka PSI 32 mpaka 20. Tairi inalala, inakuwa na unyayo mrefu, kashata nyingi zinagusa. Natembea polepole, sikati kona kwa nguvu. Nikirudi lami najaza kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiwashia sigara. Inachukua muda, unakula hindi la kuchoma taratibu. Na funga difu ya kati KABLA ya kuingia, usisubiri mpaka umezama ndiyo unakumbuka kale kamti ka gia.

Kiazi_Uyole
Kamwene, umenivua nguo hadharani. Upepo ulikuwa 36, nilijaza asubuhi ile pale Uyole kwa sababu nilikuwa nimebeba mbolea. Na difu niliifunga nikiwa nimeshazama.

Jioni hii nimelala chini ya gari na rula ya mtoto. Nimekata staringi mpaka mwisho, gurudumu moja nimelipandisha juu ya matofali mawili ili spring ijibane. Upande wa nyuma wa tairi ya mbele kumebaki nafasi ndogo, milimita 22. Tairi ya 285 inaongeza 28 kila upande, na bado upana wake. Haiingii bila kukata bati. Ile 265/75 inaongeza 13. Nimempelekea fundi wa Mwanjelwa hizo namba, akasema "hizo za vitabuni".

Msukuma_Spana
Namba za rula siyo za vitabuni. Chukua 265/75R16, inaingia kwenye rimu yako, spidi mita inakosea asilimia 3 tu, hiyo unaishi nayo. Ukienda kununua soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Wapo wanaouza tairi "mpya" zimekaa stoo mpaka mpira umekauka kama biskuti. Ukikunja kashata ukaona nyufa, acha.

Mbao_Mafinga
Na beba minyororo. Malori ya mbao huku kwetu msimu wa mvua hayatoki msituni bila minyororo, tairi iwe ya kashata au kipara.

Kiazi_Uyole
MREJESHO. Wiki ya sita leo. Nilichukua tano za 265/75R16, nikapiga alaimenti na balansi. Nimepanda shambani mara tatu, mara ya mwisho juzi, mvua ya usiku kucha. Nilishusha upepo mpaka 20, nikafunga difu mapema, gia ya pili kwenye low, zile gia za mwendo mdogo wenye nguvu, mguu mtulivu. Palepale nilipokwama gari lilisita, tope likaruka mpaka juu ya paa, likaendelea. Kelele zipo, kama nyuki wa mbali. Mlango wa nyuma naukagua kila Jumamosi kwa heshima ya Mama Parachichi.

Mzee wa Mkonga nilipishana naye anashuka. Nikapiga honi mimi.

Ng'ombe_wa_Igurusi
Hongera mkuu. Zile tairi za zamani umezitupa? Nina mkokoteni mmoja zimeisha, na punda hajali kashata.

Kiazi_Uyole
Mbili nimempa shemeji. Mbili zipo, njoo na gunia la mchele.