Nataka kufanya tasnifu ya fasihi ya kisasa ya Kiholanzi, nianzie wapi?

Mwana_Ihumwa:
Wakuu habari za jioni. Niko masters ya fasihi hapa Dodoma, karibuni natakiwa kupeleka pendekezo la utafiti, na kiukweli darasani kila mtu anakimbilia Shaaban Robert au Kezilahabi, sio kwamba ni wabaya ila tasnifu zao zimejaa maktaba mpaka basi. Kuna mhadhiri alitugusia Max Havelaar ya Multatuli, riwaya ya 1860 inayoshtaki ukoloni wa Waholanzi huko Java, nikakitafuta nikakisoma kwenye simu kwa tafsiri ya Kiingereza, aisee usingizi ulikata. Sasa nataka niingie kwenye fasihi ya Kiholanzi ya kisasa lakini nikigugo naletewa majina yale yale, Hermans, Reve na Mulisch, wanawaita Watatu Wakubwa, na wote naona ni habari za Vita ya Pili tu. Je, historia yake naigawaje? Na mtu asiyejua hata neno moja la Kiholanzi anaweza kuichambua, au nikienda na fani na maudhui zangu za form six nitachekwa?

kibuyu_cha_Makulu:
Mi Waholanzi nawajua kwa mpira tu, Cruyff na wenzake. Naweka kiti hapa nisubiri wasomi.

Bi_Nzuguni:
Mdogo wangu, toa kwanza hofu ya kuchekwa. Hiyo fani na maudhui unayoionea aibu Waholanzi wameipigania miaka na miaka. Mwaka 1932 wahakiki Menno ter Braak na E. du Perron na wenzao walianzisha jarida la Forum, na hoja kubwa ilikuwa hiyo hiyo, kwenye kazi ya fasihi tunatafuta umbo zuri au tunamtafuta mtu aliyeandika, msimamo wake na uthubutu wake? Wao wakasimama upande wa mtu. Jarida likafa 1935, na hao wawili wakafa siku moja, tarehe 14 Mei 1940, siku nchi yao inasalimu amri kwa Wajerumani, mmoja kwa ugonjwa wa moyo mwingine alijiua (haihusiani na swali lako ila siwezi kuipita bila kuisema). Halafu 1962 likaja jarida la Merlyn, hao wakageuza kibao, wakasema mwacheni mwandishi na maisha yake, someni maandishi yenyewe mstari kwa mstari. Ukielewa ugomvi huo umeshapata uti wa mgongo wa uhakiki wao.

Na usidhani uliisha. Lucebert ndiye alikuwa kinara wa washairi wa miaka ya hamsini, waliotupa vina na mizani, yaani kelele zilizowapata ni kama zile za huku kwetu Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka 1974. Basi 2018 ukatoka wasifu wake, zikaonekana barua alizoandika ujanani wakati wa vita akiwaunga mkono Wanazi. Watu wakarudi palepale, tunasoma shairi au tunamsoma mtu?

Historia usiigawe kwa miongo kama kalenda, utachoka. Uholanzi shika jarida la De Nieuwe Gids la 1885, ndo vijana wa Amsterdam waliotaka sanaa isimame yenyewe bila mahubiri, Flanders, yaani Ubelgiji ya kaskazini wanakoongea Kiholanzi, shika jarida la Van Nu en Straks la 1893, kisha Forum, kisha baada ya 1945. Na kumbuka lugha hii ina nchi zaidi ya moja, kuna hao wa Flanders, kuna Suriname ya Amerika Kusini, kuna kisiwa cha Curaçao huko Karibi. Wengi wanaandika kama vile yote ni Amsterdam.

Kuhusu lugha, unaweza, ila chagua cha kuchambua. Max Havelaar umeisoma, si umeona wasimulizi wanavyopokezana? Anaanza Droogstoppel dalali wa kahawa, mtu wa hesabu asiye na haya, anapokea kijana Stern, mwishoni Multatuli mwenyewe anawafukuza wote, anashika kalamu na kumgeukia mfalme. Muundo kama huo tafsiri haiuharibu. Ila usije ukajitia kuchambua ushairi wa Lucebert au Kiflemi (Kiholanzi cha Flanders) cha mwandishi Hugo Claus kwa tafsiri, hapo jopo litakukaanga.

Mtu_wa_Kikuyu:
Mwalimu amesema vizuri ila naona kijana anapelekwa kulekule. Sisi tukishika kitabu cha Ulaya lazima tutafute ukoloni ndani yake, kama vile hatuna ruhusa ya kusoma kitu kingine. Halafu sio kweli kwamba hao watatu ni vita tupu, De avonden ya Reve ya 1947 ni kijana anaitwa Frits amekaa kwa wazazi wake siku kumi za mwisho wa 1946 anaboreka, vita hata haitajwi sana na utamu uko hapohapo. Hermans naye ana De donkere kamer van Damokles, 1958, muuza sigara anafanya kazi za hatari kwa maagizo ya mtu anayefanana naye kama pacha, vita ikiisha anatakiwa athibitishe huyo mtu yupo, anashindwa, na wewe msomaji huambiwi. Mtu wa masters akipewa msimulizi kama huyo anataka nini tena?

Au nenda Antwerp, Ubelgiji, kwa mwandishi Elsschot, Kaas (yaani jibini) ya 1933. Karani anajitia mfanyabiashara, anaagiziwa tani ishirini za jibini, hajui kuuza hata moja. Kila aliyewahi kuitwa semina ya biashara ya mtandao pale mjini atajiona humo.

Mwana_Ihumwa:
Asanteni sana dada na kaka. Kaas nimeicheka kabla hata sijaisoma 😂 ila shida ni msimamizi, yeye anataka kuwe na upande wa Kiswahili, anasema bila hivyo idara haitapitisha.

msomaji_kongwa:
Kama ni ulinganishi mi nina wazo. Mwaka 1934 Anton de Kom, mtu wa Suriname ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, alitoa Wij slaven van Suriname, alikuwa ametoka kufungwa Paramaribo na kurudishwa Uholanzi kwa nguvu. Mwaka huohuo 1934 James Mbotela wa Mombasa, naye mtoto wa mtu aliyetekwa utumwani, akatoa Uhuru wa Watumwa. Wawili wanaandika utumwa wa wazee wao, lakini Mbotela anamshukuru Mwingereza kwa ukombozi, na de Kom anamvua nguo Mholanzi, anasema huo uhuru wa 1863 watu walibaki wanalazimishwa kufanya kazi mashambani miaka kumi mingine. Kwa nini mmoja anashukuru na mwingine anashitaki? Nani alikuwa mchapishaji, nani alikuwa msomaji? Na sisi wa huku ambako misafara ilipita Ugogo kwenda Bagamoyo habari hii sio ya mbali.

Mwana_Ihumwa:
Duh. Hii imenikalia. Ila ya de Kom si historia? Watasema sio fasihi.

Bi_Nzuguni:
Waambie ndo swali lenyewe la utafiti. Sio riwaya, sawa, lakini angalia anavyosema "sisi" tangu kwenye jina la kitabu, kisha anavyotoka kwenye takwimu za mashamba akaingia kwenye kumbukumbu zake mwenyewe. Hiyo "sisi" ifuatilie ukurasa kwa ukurasa kama watu wa Merlyn, halafu rudi umuulize mwandishi kama watu wa Forum. Tafsiri ya Kiingereza ipo, na kazi nyingi kwa Kiholanzi ziko bure kwenye DBNL, ile maktaba yao ya mtandaoni, utapata pa kuhakikishia sentensi unazonukuu. Tafuta mtu wa kukusomea hizo sentensi tu, sio kitabu kizima. Na Mbotela mtafute kwa Kiswahili chenyewe, usije ukanukuu tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kiswahili ukiwa Dodoma.

Mtu_wa_Kikuyu:
Haya nimekubali, hiyo ya 1934 ina nguvu. Ila Kaas soma hata kwa kujifurahisha, ni kajitabu kafupi, bando la usiku mmoja linatosha.